Bure na Huria: Historia ya Programu ya R katika Utafiti

Katika mijadala juu ya vyombo vya utafiti, kuna maneno mawili ambayo huchanganywa hata na wataalamu wenye desturi ya kupima maneno kwa uangalifu, nayo ni bure na huria. Waingereza wana udhuru, kwa maana neno lao moja hubeba fikira zote mbili, na Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, imembidi kueleza mara nyingi kwamba alilolikusudia ni uhuru wala si bei. Msemaji wa Kiswahili hana udhuru huo. Soko huria si soko ambamo bidhaa hugawiwa bila malipo. Na aliyejisumbua bure huenda alitumia fedha nyingi asipate kitu. Programu huria, basi, ni ile ambayo mtumiaji ana haki ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuyasoma maandishi yake ya asili (yaani amri zilizoandikwa na binadamu kabla hazijageuzwa kuwa tarakimu za mashine), kuyarekebisha, na kuwagawia wengine. Kwamba mara nyingi haitozwi fedha ni jambo la pili. Uzito wa tofauti hii katika utafiti waonekana vyema katika historia ya programu ya takwimu iitwayo R.

Asili ya R ni lugha nyingine ya tarakilishi iliyoitwa S, ambayo John Chambers na wenzake waliianza mwaka wa 1976 katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani. S ilimwezesha mtakwimu kuihoji data yake amri kwa amri, akilitazama jibu la kwanza kabla ya kuuliza swali la pili, badala ya kutunga programu nzima ya Fortran kwa kila hesabu. Tangu mwaka wa 1988 iliuzwa pia kibiashara kwa jina la S-PLUS. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walihitaji programu ya kufundishia katika maabara yao ya tarakilishi za Macintosh, wasipate ya kuwaridhisha. Wakajitungia. Sura ya nje waliiazima kutoka S, mtambo wa ndani wakauazima kutoka lugha ya Scheme, na jina wakalichukua katika herufi ya kwanza ya majina yao wenyewe, pamoja na utani kidogo juu ya jina la S.

Mwezi wa Agosti 1993 nakala za kwanza ziliwekwa hadharani, lakini zilikuwa nakala za kutumia tu. Aliyewashawishi kuyatoa maandishi yenyewe alikuwa Martin Mächler wa Zürich, nao wakayatoa mwezi wa Juni 1995 chini ya leseni ya GNU, ambayo haimruhusu mtu kuichukua kazi, kuibadili, kisha kuisambaza huku akiwafungia wengine maandishi yake. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Masahihisho na mapendekezo yalizidi uwezo wa watu wawili, na mwaka wa 1997 kikaundwa kikundi cha watunzaji. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Chambers mwenyewe, baba wa S, akawa miongoni mwa watunzaji wa R.

Yafaa kuuliza ni nini hasa kilichokuwa hatarini. Jibu moja lilipatikana mwaka wa 2002. Francesca Dominici na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuwa wamechunguza uhusiano kati ya chembechembe za vumbi hewani na vifo katika miji 90 ya Marekani, na kukadiria kwamba kila ongezeko la mikrogramu 10 katika mita moja ya ujazo wa hewa huandamana na ongezeko la vifo la asilimia 0.41. Walipoirudia kazi yao waligundua kwamba S-PLUS, ikiachwa na vipimo vyake vya kawaida, ilikuwa ikisimamisha hesabu kabla haijatulia. Vipimo vilipokazwa, makadirio yakashuka hadi asilimia 0.27. Uhusiano haukutoweka, lakini kama theluthi moja ya ukubwa wake ilitokana na programu, na hayo wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikivitathmini upya viwango vyake vya usafi wa hewa. Haki itendeke: vipimo hivyo havikuwa siri, mtumiaji aliweza kuvibadilisha, na watafiti walioteleza ndio hao hao waliotangaza kuteleza kwao. Lakini tukio hilo lilidhihirisha kwamba programu humwamulia mtaalamu mambo ambayo yeye hudhani ameyaamua mwenyewe.

Wala uwazi wa maandishi peke yake si dawa. Philip Stark na Kellie Ottoboni walionyesha kwamba njia iliyotumiwa na R kuchagua sampuli kwa bahati nasibu ilivipendelea baadhi ya vitu kuliko vingine, hasa pale orodha ya kuchagulia ilipokuwa ndefu mno. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa miaka mingi mbele ya macho ya kila aliyetaka kutazama. Lakini ilipotambuliwa, iliwezekana kuonyesha mahali penyewe ilipokuwa na kupendekeza njia nyingine. Na toleo la 3.6.0 la mwaka wa 2019 likaibadilisha, likibakiza ile ya zamani kwa yeyote atakaye kurudia hesabu za kale. Mhakiki wa tenzi ataitambua hali hii. Muswada uliomo maktabani waweza kukaa miaka hamsini na neno lililosomwa vibaya, lakini siku ajapo msomaji makini, muswada upo na neno lipo.

Kwa wanaisimu, suala hili lina historia yake. Mwaka wa 1973 Herbert Clark aliwalaumu watafiti wa saikolojia ya lugha kwa kuyafanya maneno machache waliyoyateua kuwa ndiyo lugha nzima. Chukua mtafiti atakaye kujua kama wasomaji huzitambua nomino za ngeli ya A-WA upesi kuliko zile za KI-VI. Akiteua mtoto upande mmoja na kishubaka upande wa pili, tofauti atakayoipata huenda ikatokana na mazoea ya wasomaji na maneno yenyewe, wala isihusiane na ngeli. Dawa ni kuwahesabu wasomaji na maneno pia kuwa sampuli, kwa wakati mmoja. Na hesabu hiyo ilikuwa nzito kwa vyombo vya siku zile. Mwaka wa 2008, katika jarida lile lile lililomchapa Clark, ingawa sasa lilikuwa na jina jipya, Harald Baayen, Douglas Davidson na Douglas Bates walieleza jinsi ya kuifanya kwa kutumia R. Mwaka huo huo Baayen alitoa kitabu cha uchanganuzi wa data za lugha, na data zake za mifano akazitoa zikiwa tayari kutumiwa ndani ya R. Mwanafunzi aliyekuwa na shaka hakuhitaji kumwandikia mwalimu barua ya kuomba majedwali.

Gharama ya R haimo katika leseni, imo katika kujifunza. Amri zake huandikwa, hazibonyezwi, na mwanaisimu aliyefunzwa fasihi simulizi na sarufi aweza kukata tamaa siku ya kwanza. Wanahisabati waliofanya kazi nchini Kenya, baadhi yao wakiwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha Maseno, wameshiriki kuunda R-Instat, programu huria inayoiweka R nyuma ya orodha za kuchagulia kazi. Mtumiaji achaguapo jambo katika orodha hizo, programu humwandikia amri za R zinazolitekeleza, nazo zaweza kusomwa, kunakiliwa na kuambatishwa mwishoni mwa tasnifu.