Kamba ya Babu

Kazi yenyewe ukiieleza kijiweni Tanga, watu wanacheka. Majira yote ya joto nililipwa niwashikie kamba watoto wa Kimarekani, wao wakwee ukuta wa mbao na kutembea juu ya magogo yaliyoning'inizwa mitini. Mtoto anavaa helmeti na mkanda wa kiunoni na mapajani, anafungwa fundo la nane, anaanza kupanda, na mimi niko chini navuta kamba kila inapolegea. Aliyesema aliye juu mngoje chini, bila shaka aliwahi kuifanya kazi hii! Kambi ilikuwa Massachusetts, ndani ya msitu. Usiku, watoto wakishalala, nilikuwa nasoma. Mtu anayetaka kuandika riwaya hawezi kushika kitu kutwa nzima asijiulize kimetoka wapi.

Kambi za watoto Wamarekani wanazianzia kwa Frederick William Gunn, mwalimu mkuu wa shule moja ya Connecticut. Mwaka 1861 vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza, na wanafunzi wake wakatamani kulala nje kama askari. Akawatembeza kwa miguu maili kama 40 mpaka pwani, wakapiga mahema wiki mbili. Mafunzo ya milima na kamba nayo yaliletwa na vita. Mwaka 1941 Wajerumani walikuwa wakizizamisha meli za Uingereza, na ndani ya mashua za kuokolea watu, mabaharia vijana walikuwa wakifa upesi kuliko wazee. Lawrence Holt, mwenye meli, akashirikiana na Kurt Hahn, mwalimu wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, wakafungua shule ya kuwakomaza vijana huko Aberdovey, Wales. Wakaiita Outward Bound, msemo wa mabaharia kwa meli inayong'oa nanga kwenda safari. Marekani nayo ikaanza mafunzo hayo Colorado mwaka 1962, na mwaka 1971 shule moja ya sekondari ya Hamilton, Massachusetts, ikaanzisha Project Adventure, ili mambo ya mlimani yaingie katika masomo ya kila siku. Toka hapo kamba zikaenea mashuleni na makambini.

Hayo nayapita haraka. Kilichoninyima usingizi ni kamba yenyewe.

Babu yangu aliletwa Tanga na SILABU miaka ya 1950, manamba kutoka Kigoma, akate mkonge. (Kwake yeye neno kambi lilikuwa na maana moja tu, nyumba za manamba. Nilipomwambia naenda kufanya kazi kambini Marekani, alinitazama kwa huruma.) Kipande chake kilikuwa cha siku 30, na siku isiyomaliza kazi haikuhesabiwa. Mkonge nao ulikuwa mgeni kama yeye. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, na kwa hiyo 62 nchi ikajaa mashamba. Mwaka 1942 Japani ilipoiteka Ufilipino, kulikotoka katani ya Manila, Waingereza na wenzao wakautegemea mkonge wa Afrika Mashariki. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000. Tanga ilikula kamba, ikavaa kamba, ikasomesha watoto kwa kamba.

Halafu ikaja nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938. Hapa sina budi kusema kama mkufunzi: kwa kupandia, nailoni haina mpinzani. Mtoto akiteleza inanyumbuka na kuumeza mshtuko. Kamba za zamani za katani hazikunyumbuka hivyo, ndiyo maana wapanda milima wa kale walikatazwa kabisa kuanguka, hasa yule anayetangulia. Singethubutu kumfunga mtoto wa mtu kwa kamba ya babu. Lakini wapanda milima sio waliokuwa wakiilisha Tanga. Mkonge uliishi kwa uzi wa kufungia majani makavu ya mifugo huko Ulaya na Marekani, na hapo ndipo binamu yake nailoni, ile plastiki ya polipropilini, alipotupiga. Wapo wanaolaumu kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967 basi, yamekwisha. Makosa yalikuwepo, sikatai. Ila bei ilikuwa imekwisha kuporomoka kabla ya hapo, na bei haipangwi Ngomeni. Kufika miaka ya 1990 tulikuwa chini ya tani 40,000. Babu hakurudi Kigoma. Nauli ya nini, na kule anamjua nani tena?

Jumapili moja nilitembea mpaka shamba lililopakana na kambi. Majani yalikuwa yamekatwa, yamefungwa mafungu mafungu, mamia, kwa uzi wa plastiki wa rangi ya chungwa. Mwenye shamba, mzee wa makamo ya babu, aliniambia kwamba utotoni mwake walifungia uzi wa rangi ya udongo, unachoma vidole na kunuka mafuta. Hakujua ulikotoka. Nikamwambia. Akaingia ghalani, akakaa kitambo, akatoka na kibunda chenye vumbi, panya wameshakitafuna upande mmoja.

Babu alikinusa kwanza, kabla hajauliza chochote.