Sauti ya Shangazi na Mito ya Hedifoni

Kwa miaka kumi na minne ukoo wetu ulisikiliza sauti ya shangazi yangu ambayo haikuwa yake. Kosa nililifanya mimi, na lilitokana na kitu ambacho wewe msomaji pengine hujawahi kukitupia jicho: ule mto mdogo wa duara unaokaa kwenye sikio pale unapovaa hedifoni. Mafundi wetu huuita sponji tu, na wengi wetu huudhani ni kitu cha kuzuia sikio lisiumie.

Shangazi nilimrekodi Pangani mwaka 1994, kwa kaseti, akisimulia safari za majahazi alizofanya akiwa msichana na jinsi alivyoozwa. Alikuwa na sauti nyepesi yenye kukwaruza kidogo, kama ya mtu anayezuia kicheko. Akafariki mwaka 1998. Mwaka 2009 niliona ukungu umeanza kuila kaseti ile, nikaamua kuihamishia kwenye kompyuta. Hedifoni nilizokuwa nazo zilikuwa za zamani. Mito yake ya ngozi ya bandia ilikuwa imebanduka maganda meusi, kila nikizivua nina masizi mashavuni. Nilipoisikiliza kaseti, Shangazi alisikika kama anayesema kutoka ndani ya debe. Nikalaumu kaseti. Nikapandisha besi, nikapandisha tena, mpaka sauti ikajaa masikioni mwangu. Nikachoma sidii, nikawagawia ndugu wote.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana mto huu una historia yake, na laiti ningeijua mapema.

Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa Utah, Nathaniel Baldwin, alipeleka kwa jeshi la majini la nchi yake jozi ya hedifoni alizoziunda jikoni kwake. Wanamaji walizipenda, wakaagiza nyingine. Kazi yake ilikuwa ishara za redio na maneno, na hapakuwa na aliyedai utamu wa muziki. Mwaka 1937, mjini Berlin, kampuni ya Eugen Beyer ikatoa hedifoni za DT 48, zilizofanya kazi kwa koili inayotikisika ndani ya sumaku, namna ile ile ya spika. Hizi zilikuja kutumika hata kupimia usikivu wa wagonjwa. Na kwenye kipimo cha namna hiyo, jinsi kikombe kinavyokaa sikioni si jambo dogo, kwani kikikaa vibaya mgonjwa ataambiwa ni kiziwi wa sauti ambazo hakupelekewa. Mwaka 1958, huko Milwaukee, John Koss akawaletea watu wa kawaida hedifoni za stirio za kusikilizia muziki nyumbani. Tangu hapo mto haukuwa tena wa kufariji sikio pekee. Ulikuwa ukuta wa chumba cha muziki.

Nasema chumba kwa sababu ndivyo ilivyo. Spika ndogo iliyo ndani ya kikombe, mto unaoizunguka, na sikio lako, vyote kwa pamoja vinafunga kijichumba cha hewa. Wimbi la sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita 3. Haliwezi kuenea ndani ya kijichumba kile. Linachofanya ni kuibana hewa na kuilegeza, na mbano ule ndio ngoma ya sikio inausikia kama besi. Pakiwa na upenyo, hewa inatorokea hapo na besi inatoroka nayo. Wimbi la sauti kali ya mitetemo 10,000 halifiki sentimita 4. Hilo halijali sana upenyo, ila linajali umbali na pembe, kwa kuwa mto wenyewe una unene unaokaribiana nalo. Ndiyo maana mto ukilala kwa kuzeeka, spika ikakaribia sikio, sauti za juu nazo hubadilika, baadhi zikichomoza na nyingine zikififia. Ukitaka ushahidi, vaa hedifoni za kufunika sikio, kisha ingiza mkono wa miwani chini ya mto. Halafu vua miwani, uzikandamize kwa viganja. Utaisikia besi ikiondoka na kurudi.

Mwaka 1968 Wajerumani wa kampuni ya Sennheiser walikwenda njia nyingine kabisa. HD 414 yao ilikuwa wazi kwa nyuma, na badala ya mto wa kuziba ikawa na sponji inayopitisha hewa, zile sponji za manjano zilizokuja kuwa alama yake. Zaidi ya milioni 10 ziliuzwa. Mwaka 1979 Sony wakatoa Walkman yenye hedifoni nyepesi za sponji za rangi ya chungwa. Mimi za namna hiyo nilianza kuziona Dar es Salaam miaka ya themanini, shingoni mwa vijana waliorudi safari, na nakiri niliwaonea wivu. Sponji zile zilikuwa zikipukutika kama mkate mkavu, na wengi walizivua wakazitupa wakaendelea kusikiliza plastiki tupu, wakishangaa kwa nini muziki umekuwa mkali.

Kupukutika huko nako kuna sababu. Plastiki ya poliyurethani, inayotumika kwa sponji nyingi na kwa ngozi nyingi za bandia, ilivumbuliwa na Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937, mwaka ule ule wa DT 48. Zipo aina zake ambazo maji huzivunja polepole: unyevu wa hewani na jasho hukata minyororo yake mpaka inanata, kisha inabanduka. Wahifadhi wa makumbusho wanalalamika juu yake kila mahali. Sasa fikiria mwambao wetu, hewa ya bahari na jasho la Februari.

Mwaka 2023 niliwapelekea mafundi wa Kariakoo hedifoni zangu. Kijana aliyenipokea alizigeuza mara mbili, akacheka kwa adabu. "Mzee, hizi bado nzima, kilichokufa ni mito." Akanitolea jozi mbili: moja ya ngozi ya bandia, laini na nene kama zilivyokuwa za mwanzo, na nyingine ya mahameli. Nikanunua zote mbili, kwa kuwa sikujua kuchagua.

Usiku ule nikaweka mito ya ngozi, nikamfungulia Shangazi. Msomaji, nilishtuka. Iliyosema haikuwa sauti ya bibi wa Pangani. Ilikuwa nzito, imevimba, kila neno linavuma kama mtu anayehutubia ndani ya kisima. Besi yote niliyoiongeza mwaka 2009 kuziba pengo la mito mibovu ilikuwa pale, na sasa hapakuwa na pengo. Nikabadilisha, nikaweka ya mahameli, ambayo kitambaa chake hupitisha hewa kidogo. Uvimbe ukapungua, ule mkwaruzo ukarudi, na kwa dakika kadhaa nilimsikia Shangazi nimjuaye, nikatokwa na machozi. Kisha nikagundua nilikuwa nasahihisha kosa la mto kwa kosa la mto mwingine.

Kaseti yenyewe ilipotea tulipohama nyumba. Faili ya kwanza, ile isiyoguswa, niliifuta kwa sababu kompyuta yangu ya wakati ule ilikuwa na nafasi finyu. Wala sikuandika popote ni besi kiasi gani niliyoongeza. Kwa hiyo nimekuwa nikiipunguza kwa kukisia, nikisikiliza kwa mito ya ngozi, mpaka nimepata nakala ninayodhani inakaribia ukweli.

Nilimpa binti ya binamu yangu, mjukuu wa Shangazi, aisikilize. Alizaliwa baada ya bibi yake kufariki, na amekua na ile sidii. Alisikiliza kidogo, akavua hedifoni. "Mjomba, huyu si Bibi," akasema. Nikamweleza habari za mito na besi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaomba nisiifute ile ya zamani.

Sijaifuta. Aliyebaki hai aliyeishi na Shangazi nyumba moja ni dada yangu mkubwa, yuko Tanga, ana miaka themanini na mbili. Najua masikio ya umri huo huanza kupoteza sauti za juu, na mkwaruzo ule uko huko juu. Hata hivyo Jumamosi napanda basi. Nimeweka nakala zote mbili kwenye simu, na jozi mbili za mito nimezifunga ndani ya leso, nikaziweka mkobani pamoja na hedifoni.