Kliniki ya Glyncorrwg: Kijiji cha wachimba makaa kilichobadili kazi ya daktari wa familia

KATIKA bonde la Mto Afan, kusini mwa Wales nchini Uingereza, kipo kijiji kidogo kiitwacho Glyncorrwg. Kwa miaka mingi wakazi wake waliishi kwa kuchimba makaa ya mawe. Katika ramani ya dunia si rahisi kukiona, lakini katika historia ya tiba jina lake linafahamika, kwa sababu ya kliniki moja ya daktari wa familia iliyokuwa ikihudumia watu wapatao 2,000 tu.

Kliniki hiyo ndiyo ya kwanza nchini Uingereza kutambuliwa kuwa kliniki ya utafiti ikipata fedha za Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo. Aliyeifikisha hapo ni Dk. Julian Tudor Hart, aliyefika kijijini mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 34, na kufanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 1987.

Chimbuko la huduma

Kusini mwa Wales kulikuwa na desturi ya watu kuchangiana gharama za matibabu kabla Serikali haijaibeba kazi hiyo. Katika mji wa Tredegar, wachimba migodi walikatwa sehemu ya mishahara yao, na fedha hizo zikawalipa madaktari waliowatibu wao na familia zao. Aneurin Bevan, mzaliwa wa mji huo, alipokuwa Waziri wa Afya wa Uingereza, ndiye aliyeanzisha Huduma ya Taifa ya Afya Julai 5, 1948.

Chini ya mfumo huo, mkazi hujiandikisha kwa daktari wa familia karibu na anapoishi, na hatoi fedha anapokwenda kumwona. Daktari naye hulipwa na Serikali, kwa sehemu kubwa kulingana na idadi ya watu walio katika orodha yake. Hivyo basi, daktari wa familia anawajua si wagonjwa tu, bali hata wale ambao hawajawahi kubisha hodi.

Hilo ndilo Dk. Hart aliloliona kuwa hazina. Akiwa na orodha ya kijiji kizima, alijiuliza: je, kazi ya daktari ni kumsubiri mgonjwa aje, au ni kuutafuta ugonjwa kabla haujamwangusha mtu?

Kupima kijiji kizima

Jibu lake lilianza mwaka 1968, kwa shinikizo la damu, ugonjwa ambao wengi huuita presha. Ugonjwa huu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Mtu hula, hulala na kwenda kazini kama kawaida, hadi siku anapopatwa na kiharusi au moyo kushindwa kufanya kazi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti uliofanywa katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani ulikuwa umethibitisha kwamba dawa zinaweza kuwaepusha na madhara hayo watu wenye shinikizo kubwa mno. Dawa zilikuwapo, lakini waliozihitaji hawakujua kwamba wanazihitaji.

Kliniki ya Glyncorrwg iliamua kuwapima wakazi wote wenye umri wa kuanzia miaka 20 hadi 64. Njia iliyotumika haikuwa na gharama kubwa. Kila aliyefika kwa sababu yoyote, awe na kikohozi au amemleta mtoto, alipimwa iwapo kadi yake haikuwa na kipimo. Waliobaki waliitwa, na wasioitikia walifuatwa. Kwa njia hiyo kliniki ilifanikiwa kuwafikia karibu wote.

Aidha, Dk. Hart hakukubali mtu apewe dawa za maisha kwa kipimo cha siku moja. Alisisitiza vipimo virudiwe siku tofauti, kwa kuwa shinikizo hupanda hata kwa hofu ya kukaa mbele ya daktari.

Huduma nyingine

Kazi hiyo haikuishia kwenye presha. Wagonjwa wa kisukari na wa kifua walikuwa na rekodi zao na walifuatiliwa kwa utaratibu maalumu. Wavutaji wa sigara walishauriwa kuacha kila walipofika. Familia za kijiji hicho pia zilishiriki katika tafiti kuhusu chumvi, ambapo watu walikubali kukusanya mkojo wao wa saa 24 ili upimwe.

Watumishi waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari peke yao. Wauguzi, wahudumu wa mapokezi na wanavijiji waliofundishwa kazi walishiriki kupima, kutunza kumbukumbu na kuwatafuta waliopotea. Mke wa daktari, Mary, alikuwa mshirika wake wa karibu katika utafiti. Familia hiyo iliishi kijijini humo humo, miongoni mwa wagonjwa wake.

Jambo lililohitaji ujasiri zaidi lilihusu vifo. Kliniki ilichunguza vifo 500 vilivyofuatana vya watu wa orodha yake, ikitafuta kila kimoja kingeweza kuepukwa vipi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba karibu nusu ya vifo hivyo vilichangiwa na jambo ambalo lingeweza kuzuilika. Mengi yalihusu mwenendo wa wagonjwa wenyewe, lakini mengine yaliandikwa wazi kuwa ni ya madaktari.

Matokeo ya miaka 25

Mwaka 1991 Dk. Hart na wenzake walichapisha taarifa ya kazi ya miaka 25. Kwa wagonjwa wa presha waliogunduliwa, wastani wa shinikizo ulikuwa umeshuka kutoka 186/110 hadi 146/84. Vifo vya watu walio chini ya miaka 65 vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 28 vikilinganishwa na vya kijiji jirani ambacho hakikuwa na mpango kama huo.

Hata hivyo, kulinganisha vijiji viwili vidogo hakutoshi kuwa ushahidi wa mwisho, na migodi ilipofungwa, ukosefu wa ajira uliibua matatizo ambayo kipimo cha presha hakiwezi kuyaponya.

Kanuni iliyozaliwa kijijini

Ni akiwa Glyncorrwg ambapo Dk. Hart, aliyekuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti na aliyewahi kugombea ubunge, aliandika makala iliyochapishwa katika jarida la The Lancet Februari 27, 1971. Ndani yake alieleza kanuni yake mashuhuri: huduma nzuri ya tiba huwa adimu zaidi pale inapohitajika zaidi, na hali huwa mbaya zaidi kadiri tiba inavyoachwa mikononi mwa soko.

Dk. Brian Gibbons, mmoja wa waandishi wenzake wa taarifa ya 1991, alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Wales kati ya mwaka 2005 na 2007. Ni katika kipindi chake, Aprili 1, 2007, Wales ilipofuta malipo ya dawa zinazoandikwa na daktari.

Dk. Hart alifariki dunia Julai 1, 2018, akiwa na umri wa miaka 91. Kanuni yake bado inanukuliwa na wataalamu wa afya sehemu nyingi duniani.

Kwa mkazi wa mjini anayebadili zahanati kila anapougua, na ambaye kumbukumbu zake zimetawanyika katika madaftari ya kila alikopita, Glyncorrwg inaacha swali moja: ni nani anayejua kwamba hujapimwa?