Mgomo na mkataba wa hali bora (Arusha na Meru)

Mkataba wa hali bora ni makubaliano ya maandishi kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kuhusu mishahara, saa za kazi, likizo, posho na usalama kazini. Mgomo ni hatua ya wafanyakazi kuweka kazi chini kwa pamoja ili mwajiri akubali madai yao. Katika jiji la Arusha na kwenye mashamba yanayouzunguka Mlima Meru, mambo haya mawili hayatenganishiki. Mwajiri husikiliza zaidi pale anapojua kwamba watu wake wanaweza kugoma kwa kufuata sheria. Mgomo wa hasira usio na maandalizi umewagharimu wengi ajira.

Chimbuko

Mgomo ulionyesha nguvu zake Tanganyika kwanza bandarini. Makuli wa Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, mgomo ukafuata njia ya reli hadi miji ya bara, na usuluhishi uliofuata ukawapandishia makuli mshahara. Walipogoma tena mwaka 1950, chama chao kilivunjwa. Mwaka 1955 vyama viliungana chini ya Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika (TFL), Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu. Mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde, Tanga, waligoma kutaka chama chao kitambuliwe, kwa kuwa baraza la mashauriano lililokuwepo lilikuwa limeundwa na waajiri. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa siku 82.

Arusha, iliyofikiwa na reli mwaka 1929, haikuwa mstari wa mbele katika migomo hiyo. Pengine sababu ni ardhi. Mkonge wa Tanga ulitegemea manamba waliotolewa mbali na makwao, wasio na kitu ila ujira. Kibarua wa shamba la kahawa chini ya Meru mara nyingi alikuwa na migomba yake nyumbani. Kwa hiyo ugomvi mkubwa wa Wameru na ukoloni ulihusu mashamba yenyewe: mwaka 1951 walihamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Baada ya uhuru

Uhuru haukuuongezea mgomo nafasi. Sheria ya mwaka 1962 ya kusuluhisha migogoro ya kazi iliweka usuluhishi wa lazima, na mgomo halali ukawa karibu hauwezekani. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alipelekwa uhamishoni Sumbawanga pamoja na mwenzake. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chama kipya, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Chama kinachoongozwa na waziri hakiwezi kuitisha mgomo dhidi ya serikali iliyomteua waziri huyo, na mfanyakazi alilijua hilo.

Haki itendeke: kipindi hicho ndicho kilicholeta ulinzi dhidi ya kufukuzwa ovyo na kamati za wafanyakazi sehemu za kazi, kwa sheria ya mwaka 1964. Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa mwaka 1971 uliwapa wafanyakazi ujasiri wa kuwakabili mameneja, na migomo ikazuka viwandani hadi 1973, hasa Dar es Salaam. NUTA ilifuatwa na JUWATA, kisha OTTU mwaka 1991, na hatimaye Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania (TUCTA), ambalo chini yake kila sekta ina chama chake.

Mashamba ya maua

Kilimo cha maua ya kuuza nje kilianza Arusha mwishoni mwa miaka ya 1980, na mashamba yakaenea Usa River, Tengeru na Ngaramtoni, kwenye maji na ubaridi wa Meru. Wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Waridi hukatwa likiwa bado limefumba, hupangwa kwa madaraja kulingana na urefu wa shina, hufungwa mafungu na kuingizwa chumba cha baridi, kisha husafirishwa kwa ndege kupitia uwanja wa Kilimanjaro au kwa lori hadi Nairobi. Soko kubwa ni Uholanzi. Ua lisilokatwa leo, kesho limefunguka na bei imekwenda. Wiki za kuelekea Siku ya Wapendanao, Februari 14, ndizo zenye kazi nyingi na saa za ziada nyingi, na ndizo ambazo mwajiri yeyote anaogopa kusikia neno mgomo.

Wafanyakazi hawa huandikishwa na Chama cha Wafanyakazi wa Mashambani na Kilimo Tanzania (TPAWU). Safari ya mkataba huanza na karatasi moja: fomu ya TUF 6, ambayo mfanyakazi huisaini ili ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake. Fomu hizo zikifikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo la kazi, chama kinakuwa wakala pekee wa majadiliano, na mwajiri analazimika kisheria kujadiliana nacho kwa nia njema. Chama humpa taarifa ya kutaka kutambuliwa, naye ana siku 30 za kukutana nacho. Wanaoona fomu hizi ni urasimu tu wanakosea. Huko ndiko nguvu inakohesabiwa, kabla hata neno la mshahara halijatamkwa.

Majadiliano yenyewe huanzia juu ya kiwango cha sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tayari inatoa wiki ya saa 45, likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84 au 100 kwa pacha, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mkataba wa hali bora una maana pale unapoongeza: mshahara uliozidi kima cha chini, usafiri wa kwenda na kurudi, chakula cha mchana, vifaa vya kujikinga na dawa za kupulizia, na utaratibu wa kumtoa kibarua wa msimu kwenye hali hiyo na kumpa ajira ya kudumu. Kwa mama anayetoka Ngaramtoni alfajiri na mtoto mchanga amebaki kwa jirani, gari la kazini na saa mbili za kunyonyesha ni mambo muhimu zaidi kuliko asilimia kadhaa za mshahara, na viongozi wa tawi wanaolijua hilo huleta mkataba bora zaidi.

Mgomo halali

Sheria hiyo hiyo inatambua haki ya kugoma, kwa masharti. Mgogoro uwe wa maslahi, yaani wa kutaka kitu kipya, kama nyongeza. Uwe umepitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), yenye ofisi Arusha, na usuluhishi wa siku 30 umeshindikana. Wanachama wapige kura kwa mujibu wa katiba ya chama na wengi wa waliopiga waunge mkono. Kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Watoa huduma muhimu, zikiwemo afya, maji, umeme na zimamoto, wana vizuizi zaidi, na suala ambalo mkataba uliopo umeshalitawala haligomewi.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mshahara uliocheleweshwa, makato yasiyo halali, kuachishwa kazi kwa uonevu: hayo kisheria ni malalamiko ya haki, na njia yake ni CMA kisha Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Watu hugoma zaidi kwa mambo hayo kwa sababu ndiyo yanayouma leo. Ni sheria ngumu kwa mtu ambaye hajalipwa miezi miwili, na inastahili kuangaliwa upya, lakini ndiyo iliyopo. Aliyegoma kihalali hafukuzwi kwa sababu ya mgomo, wala mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kushika nafasi yake, ingawa halazimiki kumlipa kwa siku za mgomo. Aliyegoma nje ya utaratibu hana ngao hiyo.

Masharti haya yamezikwamisha harakati kubwa pia. TUCTA ilitangaza mgomo wa nchi nzima wa Mei 5, 2010, ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Rais Jakaya Kikwete aliupinga hadharani siku mbili kabla, na ukasitishwa. Chama cha Walimu kiligoma Julai 30, 2012 kikidai nyongeza ya asilimia 100, na Mahakama ikauharamisha mgomo huo ndani ya siku chache.

Jirani Kenya

Nchini Kenya, chama cha wafanyakazi wa mashambani (KPAWU) hujadiliana na umoja wa waajiri wa kilimo, na mkataba mmoja huyagusa mashamba mengi ya maua kwa pamoja. Madaktari wa umma wa huko waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kudai mkataba uliosainiwa 2013 utekelezwe, na viongozi wao walifungwa jela kabla ya makubaliano ya kurudi kazini. Tofauti na mkataba wa pamoja wa mashamba ya Kenya, majadiliano ya shamba kwa shamba humwacha mfanyakazi wa shamba dogo bila msaada wa jirani zake, na Arusha ingefaidika na mkataba wa sekta nzima.

Miaka ya karibuni

Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, ilipandisha kima cha chini cha kilimo kutoka shilingi 100,000 za mwaka 2013 hadi 140,000 kwa mwezi. Karibu miaka kumi ilipita kati ya amri hizo mbili, na katika muda huo nyongeza ya mfanyakazi wa shambani ilitegemea hisani ya mwajiri au mkataba wa chama. Mkataba huo ukishasainiwa unawabana wote, na nakala yake huwasilishwa kwa Kamishna wa Kazi. Mfanyakazi ambaye hajawahi kuuona mkataba unaomhusu amwombe mwenyekiti wa tawi lake nakala, ausome mwenyewe, na tawi lianze kukusanya madai mapema kabla muda wa mkataba haujaisha.