Miaka 12 ya Wafanya Usafi wa SOAS

Kwa wasomi wa Kiswahili, jina la SOAS si geni. Chuo hiki cha London kilianzishwa mwaka 1916, na miongoni mwa walimu wake wa mwanzo alikuwamo Alice Werner, aliyekuja kuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu. Makala haya yanawahusu watu wengine wa chuo hichohicho, wasiotajwa sana: waliopiga deki madarasa na kumwaga taka kabla wanafunzi hawajafika.

Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini. Chuo kiliilipa kampuni ya usafi, nayo kampuni ikawaajiri wao. Fedha ilipopita mikono miwili, haki nyingi zilipotelea njiani. Mkutubi akiugua, mshahara wake uliendelea. Aliyesafisha maktaba hiyohiyo akiugua, aliambulia posho ndogo inayolazimishwa na sheria. Mtu wa namna hiyo huenda kazini na homa yake, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji apone.

Mwanga ulitokea mashariki mwa jiji. Mwaka 2001 makanisa, misikiti, shule na vyama vya wafanyakazi vilianza kudai, kwa sauti moja, mshahara unaotosha kuishi London. Mwaka 2005 ofisi ya Meya ilikokotoa kiwango hicho, ikapata pauni 6.70 kwa saa. Kima cha chini cha kisheria mwaka huo hakikuzidi pauni 5.05. Mwaka uliofuata Queen Mary kikawa chuo kikuu cha kwanza Uingereza kukubali malipo hayo, na mwaka 2008 kikawachukua wafanya usafi kuwa waajiriwa wake.

SOAS nako madai yalianza 2006. Wafanya usafi walijiunga na chama, wakaungwa mkono na wanafunzi na wahadhiri, na mwaka 2008 wakapata mshahara huo pamoja na chama chao kutambuliwa. Furaha haikudumu. Alfajiri ya Ijumaa, Juni 12, 2009, waliitwa kwenye mkutano wa dharura wa kazi. Waliokuwa wakiwasubiri humo ni maofisa wa uhamiaji. Tisa walikamatwa, na baadhi yao wakafukuzwa nchini. Kila nikiifikiria asubuhi hiyo huumia: watu waliitika wito wa kazi, wakanaswa ndani ya chumba ambacho huenda walikifagia wenyewe.

Wanafunzi waliikalia ofisi ya mkurugenzi kwa siku kadhaa. Hofu ingeweza kuwanyamazisha waliobaki, lakini hawakunyamaza. Mwaka 2014 waligoma, na mapambano ya kipindi hicho yakawaletea malipo bora wanapougua, likizo ndefu zaidi na pensheni. Hata hivyo hawakuridhika, na nadhani walikuwa na haki. Mradi mwajiri ni kampuni, zabuni mpya ingeweza kurudisha mashaka yote.

Agosti 2017 chuo kilitangaza kwamba kitawaajiri moja kwa moja wafanya usafi, walinzi na wahudumu wa chakula. Hatua hiyo ilitimia mwaka 2018. Kazi ilibaki ileile, madarasa yaleyale, ndoo na maji ya sabuni, ila juu ya hati ya mshahara sasa paliandikwa jina la chuo.