Povu la Kuzuia Joto: Jua Lilikotoka Kabla Hujalilipia

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, ukitaka kujenga chumba baridi cha maziwa au samaki, au kupunguza joto la mabati kwenye banda la kuku, fundi anaweza kukushauri upulize povu. Kazi hiyo si rahisi kwa bei. Kabla hujatoa fedha, soma kwanza historia yake. Waliotangulia wameshalipa ada ya somo hili.

Kabla ya povu

Mwaka 1833, Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alituma meli yenye tani 180 za barafu hadi Calcutta, India. Safari ilichukua miezi minne na kuvuka ikweta mara mbili. Hapakuwa na friji, lakini takriban tani 100 zilifika zikiwa bado barafu. Iliilindwa kwa mbao, magome na nyasi kavu. Biashara hiyo ilipokua, hata vumbi la mbao lililokuwa likitupwa viwandani likapata bei.

Vitu hivyo havikutengeneza baridi. Vilinasa hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole. Vikilowa, maji hukaa mahali pa hewa na faida inapotea.

Povu linaingia

Mwaka 1937, Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, waligundua poliyurethani. Majimaji mawili yakichanganywa huumuka kama unga wa maandazi, kisha hukauka. Godoro lako la sponji ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba povu gumu la ukutani lina vitundu vilivyofungwa, hivyo maji hayapenyi kirahisi. Likipulizwa huziba hata nyufa. Leo povu la jamii hii limo ndani ya kuta za friji, magari ya samaki, maghala na nyumba za nchi za baridi.

Waliloumia wengine

Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, serikali ya Kanada iliwasaidia wenye nyumba kujaza kuta zao povu la aina nyingine, la urea na fomaldehaidi. Wakazi wakalalamika kuwashwa macho na kupumua kwa shida. Desemba 1980 likapigwa marufuku, na wengi wakabaki na nyumba zilizoshuka thamani. Povu la poliyurethani nalo lilikuwa likiumuliwa kwa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, mpaka Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipoanza kuziondoa.

Muulize fundi haya

1. Ni povu gani? Kwa chumba baridi, taka lenye vitundu vilivyofungwa.

2. Una vifaa vya kujikinga? Moja ya majimaji yale, isosianeti, huweza kuleta pumu. Kitambaa puani hakitoshi. Watu na mifugo wakae mbali mpaka povu likauke na hewa chafu itoke.

3. Utalifunika kwa nini? Likiachwa wazi huwaka upesi na moshi wake ni sumu. Lipigwe plasta au lifunikwe kwa ubao usioshika moto. Bandani usiliache wazi hata kidogo, maana kuku hulidonoa.

4. Baridi itatoka wapi? Bila mashine au barafu, povu litachelewesha joto tu. Maziwa ya moto yatabaki ya moto.

Kama mtaji ni mdogo, anza alikoanza Tudor. Tengeneza sanduku la kuta mbili, jaza katikati pumba kavu za mpunga au vumbi la mbao, tandika nailoni pande zote ili unyevu usiingie, kisha weka barafu ndani. Kagua mchwa mara kwa mara. Pima barafu inakaa saa ngapi na ni hasara kiasi gani umeepuka. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama ni wakati wa kumwita fundi wa povu.