Chini ya Santuri Kuna Nini? Kisa cha Tairi, Tyubu na Sabufa Kisongo

Wadau wa burudani, leo tuache kidogo habari za nani kaachana na nani. Tuzungumzie kitu ambacho kipo kwenye kila nyumba yenye muziki na hakuna anayekitazama: kile kilichowekwa chini ya muziki wenyewe. Kitambaa cha kudarizi, gazeti lililokunjwa, kipande cha ndala, tofali. Ukikaa na wazee wa huku Kisongo, kuanzia uwanja wa ndege hadi kwenye mnada wa ng'ombe, utakuta kila mmoja ana imani yake juu ya jambo hili. Na imani hizo hazikuanguka kutoka mbinguni, zina historia.

Kama kawaida yetu, watu hatuwataji majina. Wanajijua.

Tuanze mbali. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi santuri. Zile zilikuwa santuri nzito za kuvunjika kama sahani ya udongo, zinazunguka mara 78 kwa dakika, na gramafoni yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Hakuna umeme, hakuna spika ya umeme. Sindano ya chuma inakwaruza, sauti inatokea kwenye pembe. Mkono uliobeba sindano ulikuwa mzito, unaikandamiza santuri kwa uzito wa gramu 100 na zaidi. Sasa sindano iliyokandamizwa namna hiyo hairuki ovyo. Watoto wakimbie, mbwa apite chini ya meza, wimbo unaendelea. Ndiyo maana mabibi zetu waliweka kitambaa tu chini ya gramafoni, na kitambaa kilikuwa cha urembo. Shida ya mtetemo ilikuwa bado haijazaliwa.

Ilizaliwa na maendeleo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ndefu ya plastiki, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka uliofuata RCA Victor wakaja na ile ndogo ya mizunguko 45, ambayo ndiyo iliyokuja kutawala huku kwetu. Mifereji yake ni myembamba, kwa hiyo sindano ikabidi iwe nyepesi. Leo pleya nzuri inakandamiza kwa gramu 2 hivi. Faida ni kwamba santuri inadumu. Hasara yake, sindano nyepesi inasikia kila kitu: hatua za mtu, mlango, lori. Na sauti sasa inakuzwa na amplifaya, kwa hiyo kila tetemeko dogo linakuzwa pamoja na wimbo.

Halafu likaja rediogramu. Mnalikumbuka? Kabati la mbao linalong'aa, redio upande huu, pleya upande ule chini ya kifuniko, spika chini yake. Nyumba yenye rediogramu ilikuwa nyumba ya mtu. Lakini angalieni walichofanya: sindano inayosikia kila kitu na spika inayotikisa kila kitu vimefungiwa kwenye sanduku moja! Ukiongeza sauti, spika inatikisa mbao, mbao zinatikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko kwenye amplifaya, amplifaya inaurudisha kwa spika. Duara hilo likishika kasi rediogramu linaanza kunguruma lenyewe kama simba, na mwenye nyumba anakimbilia kitufe.

Watengenezaji walilijua hilo. Pleya nyingi za wakati ule, kama zile za Garrard kutoka Swindon, Uingereza, zilikaliwa juu ya springi ndani ya kabati. Springi ndizo zilizokuwa zikitenganisha sindano na mbao. Lakini ili zisivunjike safarini, zilifungwa kwa skrubu za safari, na mwenye mali alitakiwa azilegeze akishafika nyumbani. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza, kwenye karatasi iliyobaki dukani au iliyowashia jiko. Mafundi wa zamani wa redio watakwambia jambo lile lile: mteja analeta rediogramu, analalamika linanguruma, unafungua, unakuta skrubu bado zimekazwa. Robo zamu ya bisibisi, kazi imekwisha. Fundi mwenye busara hakumwambia mteja alichofanya, mtoto wa watu naye ale.

Sasa twende miaka ya 1970, maana hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito huku Arusha. Santuri nyingi za bendi zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na Arusha ilikuwa karibu na Namanga, kwa hiyo mzigo ulifika. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo huo. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, baada ya marais wa nchi 3 kukutana hapa hapa Arusha. Katikati ya kipindi hicho, Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa. Hebu jiwekeni mahali pa mtu aliyekuwa na santuri zake kumi au ishirini. Duka halina nyingine. Mwimbaji mwenyewe ameshakufa. Sindano ikiruka inaacha mkwaruzo, na mkwaruzo wa santuri haufutiki. Kila lori lililopita barabara ya Dodoma lilikuwa linagusa kitu ambacho fedha isingeweza kukirudisha.

Ndipo watu wakaanza kutafuta cha kuweka chini. Na Arusha ilikuwa na mpira! Kiwanda cha General Tyre kilianza kuzalisha mwaka 1971, na mafundi wa katambuga walikuwepo kila gulio, wanachonga soli kutoka kwenye tairi chakavu. Vipande vinavyobaki havikuwa na bei. Nyumba baada ya nyumba, chini ya miguu ya rediogramu kukawekwa vipande 4 vya tairi. Mpaka leo ukiwauliza wazee wengi, jibu ni hilo: weka tairi, baba, hakuna kama tairi.

Hapo ndipo ninapowakatalia wazee wangu, kwa heshima zote na shikamoo juu. Tairi limetengenezwa libebe gari. Ukiliweka chini ya pleya ya kilo 6 halibonyei kabisa, ni sawa na kuweka jiwe jeusi. Na kwenye rediogramu lilizuia kuteleza na kugongagonga tu. Mngurumo wa ndani lisingeuweza, kwa sababu spika na sindano bado vimo sanduku moja, juu ya tairi hilo hilo.

Siri ya kuzuia mtetemo ni kubonyea. Kitu chochote laini kilichobeba mzigo kina mwendo wake wa asili, yaani ukikisukuma kinarukaruka mara kadhaa kwa sekunde. Kikibonyea sana, kinaruka polepole. Kuna hesabu rahisi: chukua 16, gawa kwa kipeuo cha pili cha milimita zilizobonyea. Mpira ukibonyea milimita 1, mwendo wake ni mara 16 kwa sekunde. Milimita 4, mara 8. Milimita 16, mara 4. Mpira halisi huwa mgumu kidogo kuliko hesabu hiyo, lakini picha ndiyo hiyo.

Na kuna mtego. Kizuizi kinaanza kuzuia pale tu mtetemo unapokuwa na kasi ya zaidi ya mara 1.4 ya mwendo wake wa asili. Chini ya hapo hakizuii kitu, na karibu na mwendo wake wenyewe kinaongeza! Mtetemo wa ardhini unaoletwa na malori huwa zaidi kati ya mara 5 na 25 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu aliyeweka mpira unaobonyea milimita 1 amejenga mashine ya kukuza malori. Alikuwa salama zaidi alipoweka pleya juu ya sakafu ya saruji bila kitu.

Huko ng'ambo walishayatambua haya. Mwaka 1961 Mmarekani Edgar Villchur, wa kampuni ya Acoustic Research, alitoa pleya ambayo sahani na mkono wa sindano vimening'inizwa pamoja juu ya springi 3 laini, mbali na mota. Linn Sondek LP12 ya Glasgow, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifuata njia hiyo hiyo. Wajapani wa Technics na SL-1200 yao wakapita njia nyingine, wakaweka kitako kizito chenye mpira na miguu laini, mpaka madijei wakaweza kuipiga mbele ya spika za ukumbini. Njia mbili, lakini zote zilipigiwa hesabu ya uzito. Hakuna aliyeokota kipande chini na kukipachika.

Kuna mzee mmoja mstaafu huku Kisongo ambaye hakusoma kitabu chochote cha mambo haya, na alifika kule kule. Pleya yake ameiweka juu ya kibao kizito cha mninga, kibao kimekaa juu ya tyubu ya baiskeli ya mtoto iliyotiwa upepo kidogo tu. Ukibonyeza kibao kinashuka na kurudi taratibu, kama mtumbwi. Nilipomuuliza nani kamfundisha, akasema, "Mjukuu wangu, nimesafiri nyuma ya lori na nimesafiri kwenye basi. Tofauti naijua kwa mgongo." Hesabu yote ile niliyoandika hapo juu, mzee kaimaliza kwa mgongo!

Turudi kwenye historia. Kaseti ilipoingia kwa nguvu, shida ikasahaulika. Utepe haujali mtu akikimbia sebuleni. Kizazi kizima kikakua hakijui kwamba muziki unaweza kuruka. Enzi za Mzee Ruksa bidhaa zikafunguliwa, deki na CD zikafika, na CD zikaanza kukwama kwama, ingawa mara nyingi kosa lilikuwa la mikwaruzo na vumbi la Kisongo, si la meza. Flashi na simu zikamaliza kabisa habari hiyo.

Mpaka sabufa ilipokuja. Sabufa imeugeuza mchezo. Zamani tulikuwa tunazuia dunia isitikise muziki, sasa tunatakiwa kuzuia muziki usitikise dunia. Na hapa ndipo panapouma, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kuna mtu. Katika nyumba za kupanga kuna mama mwenye kichanga, kuna dereva wa usiku anayelala mchana, kuna mgonjwa. Watu wamehamishwa vyumba kwa sababu ya sabufa, udugu umevunjika. Serikali nayo ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Kwa hiyo neno "mitetemo" limo kwenye sheria, si maneno ya majirani wenye wivu.

Je, cha kuweka chini kinasaidia? Kinasaidia nusu. Sabufa inatikisa kwa njia mbili: sakafu na hewa. Sponji nzito au mpira laini unaobonyea milimita 4 na zaidi utaikata njia ya sakafu, kwa sababu besi nyingi ya sabufa iko juu ya mara 40 kwa sekunde, mbali na mwendo wa mpira huo. Vyombo kabatini vitanyamaza. Lakini njia ya hewa haiguswi. Kwenye nyumba ambayo ukuta haufiki kwenye bati, besi inapanda juu na kushukia kwa jirani hata ukiiweka sabufa juu ya godoro. Dawa yake ni kitufe, hakuna dawa nyingine. Na ile misumari ya chuma inayouzwa kama miguu ya spika inakishika chombo kisiyumbe, mtetemo haiuzuii, na vigae itavitoboa.

Kwa anayetaka kuchagua leo, mambo ni machache. Pima uzito wa chombo chako kwanza. Tumia vipande 3, maana mafiga matatu hayayumbi. Pima urefu wa kipande kabla na baada ya kubeba mzigo, uone kimebonyea milimita ngapi. Vipande vyote vibonyee sawa, kwa hiyo upande mzito usogezewe kipande, kisha hakikisha kwa pimamaji. Pleya na sabufa visikae kabati moja, hilo ni rediogramu limerudi kwa mlango wa nyuma. Na kama sakafu yako ni ya mbao, rafu iliyofungwa ukutani inashinda miguu yote.

Mzee wa tyubu anaongeza upepo kila baada ya wiki chache. Wajukuu wameshamletea sabufa, ameipokea kwa shukrani na kuiweka chumba kingine. Santuri zake za kabla ya 1977 bado zinapigwa, na haziruki.

Haya wadau, kwenu mlikuwa mnaweka nini chini ya redio? Tiririkeni hapo chini, ila jirani msimtaje jina.